Tathmini ya pre-commit: nyota nne, na moja nimeibania kwa sababu ya neno "Failed"

Nitangulize hukumu ili mwenye haraka aende zake: pre-commit, kifaa kinachokagua msimbo kabla hujauhifadhi kwenye historia ya mradi, nakipa nyota nne kati ya tano. Nimekitumia karibu miaka mitatu kwenye maktaba yangu ndogo ya Python, ile ya kusafisha majedwali ya CSV yaliyochafuka, na sina mpango wa kukiacha. Nyota moja nimeibania kwa sababu ya neno moja tu kinalolichapisha kwenye skrini, nitalifikia. Na kwa kuwa kifaa hiki peke yake hakitoshi, nitakizungumzia pamoja na vitu viwili nilivyokiunganisha navyo: ukurasa wa mwongozo wa wachangiaji, CONTRIBUTING.md, na ukaguzi wa kiotomatiki unaoendeshwa na GitHub Actions, huduma ya kuendesha kazi kwenye seva za GitHub, tovuti ninakouweka msimbo.

Kilichonifikisha huku ni aibu. Siku moja nilipokea ombi la kuunganisha msimbo kutoka kwa mtu ambaye hatujawahi kusalimiana. Alikuwa amerekebisha mistari miwili: programu ilikuwa inakufa ikikutana na jedwali ambalo safu yake ya mwisho haina kichwa. Lakini ukurasa wa mabadiliko ulionyesha mistari 706 imefutwa na mistari 706 imeongezwa, maana kihariri chake kilikuwa kimegeuza miisho yote ya mistari kutoka LF (mtindo wa Linux na Mac) kuwa CRLF (mtindo wa Windows). Badala ya kuitafuta ile mistari miwili niisome, nikaanza kumwandikia. Rudisha miisho ya mistari. Akarudisha. Kuna nafasi zimebaki mwishoni mwa mistari minne, ziondoe. Akaziondoa. Sasa hizo import (mistari ya kuita maktaba nyingine) hazijapangwa kialfabeti. Hapo akanyamaza, na hajasema neno mpaka leo. Wiki tano baadaye mtumiaji mwingine akaripoti hitilafu ileile, nikaenda kuichukua mistari miwili ya yule bwana kama alivyoileta siku ya kwanza. Ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyekuwa na shida.

Kwa hiyo nilikuwa natafuta kitu cha kuninyang'anya hiyo kazi ya kunusa nafasi na mikato, ili nikikaa mbele ya msimbo wa mtu nibaki na jambo moja tu la kuuliza: je, hiki alichoandika kinafanya kazi?

Git, programu inayotunza historia ya msimbo, yenyewe ina ndoano, yaani vijiprogramu vinavyoamka pale unapotaka kukomiti (kuhifadhi badiliko kwenye historia hiyo) na ambavyo vinaweza kukukatalia. Vinakaa kwenye folda ya .git/hooks. Ubaya wake ni kwamba folda hiyo hainakiliwi mtu anapochukua hazina yako (folda nzima ya mradi), kwa hiyo ndoano ulizoweka zinakulinda wewe peke yako. pre-commit kinazunguka tatizo hilo kwa njia rahisi kabisa: orodha ya ndoano unaiandika kwenye faili moja, .pre-commit-config.yaml, inayosafiri pamoja na msimbo. Mchangiaji anaendesha pre-commit install mara moja, basi. Kifaa ni cha bure, leseni yake ni MIT, na kimeandikwa kwa Python, ila ndoano zenyewe zinaweza kuwa za lugha nyingine. Kila moja hutengenezewa mazingira yake pembeni. Mtu wa Python hahitaji kusakinisha Node kwa mkono eti kwa sababu kuna ndoano moja ya Markdown iliyoandikwa kwa JavaScript. Jambo hili dogo limenipunguzia maswali mengi kuliko nilivyotarajia.

Gharama yake unailipa siku ya kwanza. Ukikomiti mara ya kwanza kinaanza kupakua na kujenga mazingira yote hayo, na kwenye kompyuta yangu kilichukua dakika moja na sekunde hamsini. Baada ya hapo hutumia akiba iliyo kwenye ~/.cache/pre-commit na kazi inaisha ndani ya sekunde mbili, tena kinagusa faili ulizobadilisha tu. Mwenye intaneti ya kusuasua atadhani kimekwama. Mwambie mapema.

Nilianza na ndoano tano na ningekushauri uanze hivyohivyo: trailing-whitespace ya kufuta nafasi za mwishoni mwa mistari, end-of-file-fixer ya kuhakikisha faili inaisha na mstari mpya mmoja, check-yaml ya kukagua faili za YAML, muundo wa kuandikia mipangilio, detect-private-key ya kukamata funguo za siri zilizosahauliwa ndani ya msimbo, na check-added-large-files, ambayo bila kuipangia chochote hukataa faili mpya inayozidi kilobaiti 500. Hii ya mwisho ilinikamata mimi mwenyewe ndani ya wiki ya kwanza nikijiandaa kukomiti CSV ya megabaiti 38 niliyoiacha kizembe kwenye folda. Baadaye nikaongeza Ruff, inayopanga msimbo na kukagua makosa kwa pamoja, na ina kasi ya ajabu. Ile hoja yangu ya import zisizopangwa kialfabeti iliishia hapo. Siku hizi mashine inazipanga yenyewe na hakuna anayeandikiwa barua.

Sasa hilo neno. Tuseme umeacha nafasi mbili mwishoni mwa mstari kwenye README.md, ukakomiti. Kwenye terminali utaona jina la ndoano, nukta zilizopangana hadi upande wa kulia, halafu kwa rangi nyekundu: Failed. Chini yake kuna mstari unaosema files were modified by this hook, na chini zaidi, Fixing README.md. Maana yake halisi ni njema kabisa: nimeona kasoro, nimeshakurekebishia, iangalie kisha ukomiti tena. Lakini nani anasoma mistari midogo iliyo chini ya neno jekundu? Nimeshapokea picha ya skrini hiyohiyo kutoka kwa watu wanne tofauti, kila mmoja akiniomba radhi kwa kuharibu. Hakuna aliyeharibu. Walitakiwa waendeshe git add (ya kuchagua mabadiliko ya kukomiti) na git commit kwa mara ya pili, ingepita. Naelewa mantiki yake, kwamba kifaa hakitaki kuingiza kwenye komiti kitu ambacho hukukiona kwa macho yako, na mantiki hiyo naiunga mkono. Ila kuna tofauti kati ya umekosea na nimekurekebishia, na mgeni anahitaji kuambiwa ni ipi.

Kipo pia kioja cha pili cha namna hiyo. Ukiwa na mabadiliko ambayo hujayaongeza kwa git add, kifaa huyaweka pembeni kwanza ili kikague kile tu kinachokomitiwa, halafu huyarudisha. Hiyo ni tabia nzuri sana. Ila onyo lake linasema Unstaged files detected, kisha linataja faili ya viraka iliyo ndani ya akiba. Mara ya kwanza moyo ulinipiga paa. Nilidhani kazi ya asubuhi nzima imeyeyuka. Ilikuwa palepale.

Lawama ya tukio linalofuata ni yangu peke yangu. Siku niliyokisakinisha niliendesha pre-commit run --all-files, amri inayopitia hazina nzima. Nikakaa natazama faili zikisafishwa moja baada ya nyingine, nimejaa furaha. Kisha nikaendesha majaribio, tisa yakaanguka. Kumbuka maktaba yangu inafanya nini: inasafisha majedwali machafu. Kwenye tests/data nilikuwa na sampuli za CSV zenye nafasi za ziada mwishoni, zenye CRLF na LF zilizochanganywa, zisizo na mstari mpya mwishoni, na uchafu huo ndio ulikuwa kiini cha majaribio yenyewe. Mlinzi niliyemleta amesafisha ushahidi. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye mipangilio, exclude: ^tests/data/, na mwingine kwenye .gitattributes wa kuizuia Git isiguse miisho ya mistari ya folda hiyo. Kama hazina yako ina faili zinazotakiwa kuwa mbaya, ziorodheshe kabla hujaendesha amri hiyo.

Na kama hazina ina umri, huo usafi wa mara ya kwanza ufanye kwenye komiti ya peke yake isiyo na jambo lingine lolote. Mimi niliweka namba ya komiti hiyo kwenye faili ya .git-blame-ignore-revs, ili mtu akiuliza git blame nani aliandika mstari fulani asijibiwe kwamba kila kitu niliandika mimi Jumamosi moja usiku. Uwezo huo Git inao tangu toleo la 2.23 la mwaka 2019.

Kuna jambo ambalo pre-commit hakiwezi, na hakidai kwamba kinaweza: kumlazimisha mtu. Asiyekisakinisha hakaguliwi. Aliyekisakinisha akichoka anaandika git commit --no-verify na mlango unafunguka wenyewe. Mimi mwenyewe nimeshafanya hivyo saa saba usiku na ningefanya tena. Ndiyo maana amri ileile lazima irudiwe kwenye seva, mahali ambapo hakuna wa kuikwepa. Mimi natumia GitHub Actions, ambayo kwa hazina za wazi hailipiwi ukitumia mashine zake za kawaida. Faili moja ndani ya .github/workflows inasema: kila ombi la kuunganisha likija, endesha ndoano zote, kisha endesha majaribio. Kwenye ile amri ongeza --show-diff-on-failure. Bila hiyo mchangiaji anaona alama nyekundu tu na kuanza kupiga ramli. Ukiiweka anaona mstari kwa mstari ni nini kilitakiwa kubadilika, anakinakili, amemaliza.

Hapa YAML ilinila jioni nzima. Nilitaka majaribio yaendeshwe kwenye matoleo kadhaa ya Python, nikaandika 3.9, 3.10, 3.11, nikatuma. Kazi ya toleo la pili ikalalamika kwamba Python 3.1 haipatikani. Nikarudi kwenye faili: imeandikwa 3.10. Nikafuta akiba, nikabadilisha toleo la kile kipengele (action, kipande kilichoandaliwa tayari na wengine) cha kusakinisha Python, nikafunga na kufungua kompyuta kama vile mkosaji ni yeye. Kumbe 3.10 bila alama za kunukuu ni namba ya desimali, na sufuri ya mwisho kwenye desimali haina thamani. Ukiandika "3.10" inakuwa maandishi na kila kitu kinakaa sawa. Sasa faili yangu imejaa alama za kunukuu, hata mahali pasipozihitaji, na sitaki kusikia neno.

Mchangiaji mpya kabisa ana jambo lingine la kumkatisha tamaa. GitHub hukawiza ukaguzi wake mpaka mtunzaji abofye kitufe cha kuruhusu. Utaratibu huo uliletwa mwaka 2021, baada ya watu kugundua kwamba wanaweza kutuma maombi ya uongo na kuzitumia mashine za bure kuchimba sarafu za kidijitali. Sababu ni halali, lakini mgeni haijui. Anaona hakuna kinachosogea, anafunga ombi, anafungua lingine, anafunga tena. Sentensi moja kwenye mwongozo ilimaliza mambo: "Ukiwa mgeni, ukaguzi utaanza nikiuruhusu, kwa kawaida ndani ya siku mbili." Na usije ukaona uvivu wa kubofya ukaenda kutumia kichocheo cha Actions kiitwacho pull_request_target ili kukwepa kusubiri. Hiyo huendesha kazi ikiwa na mamlaka ya hazina yako, na ukiichanganya na msimbo wa mtu usiyemjua umemkabidhi funguo.

Jambo la usalama sikulitilia maanani mpaka Machi 2025, pale kipengele mashuhuri cha tj-actions/changed-files kilipotekwa. Waliokiteka walizielekeza tagi zake, yaani majina ya matoleo, kwenye komiti mbovu iliyomwaga siri za watu kwenye kumbukumbu za ukaguzi. Aliyeandika tagi ya toleo alipata sumu bila kubadilisha herufi moja kwenye faili yake. Nikakaa chini nikabadilisha tagi zote kuwa namba kamili za komiti, zile za tarakimu na herufi 40. Faili haipendezi kutazama, lakini namba ya komiti haihamishwi kama tagi. Kwa pre-commit ni vilevile: pale penye rev unaandika toleo mahususi, na ukitaka kupanda unaendesha pre-commit autoupdate, unasoma kilichobadilika, ndipo unakomiti. Mimi hufanya hivyo mara moja kila miezi mitatu hivi, nikikumbuka.

Niingie kwenye mwongozo wenyewe, maana ndiko nilikochekesha zaidi. CONTRIBUTING.md yangu ya kwanza ilikuwa na maneno zaidi ya elfu mbili, na mengi niliyanakili kutoka kwa mradi mkubwa niliokuwa nauhusudu. Ilimwelekeza mchangiaji apeleke mapendekezo makubwa kwa kamati. Kamati ipi? Tuko wawili, na mwenzangu hujitokeza kila baada ya miezi minne. Ilimtaka atie saini ya Signed-off-by (mstari wa kuthibitisha kwamba ana haki ya kutoa msimbo huo) kwenye kila komiti, utaratibu uliotoka kwenye ulimwengu wa Linux mwaka 2004 kwa sababu nzito za kisheria. Kwa maktaba yangu ya CSV ilikuwa kujivika koti la mtu mzima. Aliyeniuliza kuhusu kamati alikuwa na adabu sana, ndiyo maana iliniuma.

Nilipoiandika upya nilijiwekea sharti moja: kanuni ambayo mashine inaweza kuikagua haina ruhusa ya kuwa kwenye ukurasa. Nafasi, upangaji wa msimbo, urefu wa mistari, mpangilio wa import, vyote vikatoka. Kilichobaki hakifiki maneno 400. Kuna amri nne za kuandaa kompyuta, zikifuatana, za kunakili na kubandika. Kuna namna ya kuendesha jaribio moja badala ya yote. Kuna kifungu kinachosema mambo ambayo nitayakataa hata yakiandikwa vizuri, kwa mfano kusoma faili za Excel, ili mtu asipoteze wikendi yake. Kuna ile sentensi ya siku mbili. Na kuna aya hii, ambayo naamini ndiyo inayosomwa kuliko zote: "Ukiona Failed, na chini yake maneno files were modified by this hook, hujakosea. Faili imeshasahihishwa. Endesha git add kisha ukomiti tena." Tangu niiweke sijatumiwa picha ya skrini.

Faili hiyo unaweza kuiweka kwenye mzizi wa hazina, ndani ya docs au ndani ya .github, na GitHub yenyewe itamwonyesha kiungo chake mtu anayefungua ripoti au ombi. Nimeiacha kwenye mzizi. Wengi hupitia orodha ya faili kwa macho, na ndani ya folda inayoanza na nukta hawaingii.

Nimeondoa vitu pia. Niliwahi kuweka ndoano inayokagua ujumbe wa komiti, kwamba lazima uanze na fix: au docs: na kadhalika. Mtu akaja kurekebisha neno moja lililokosewa tahajia kwenye README, akakataliwa mara tatu. Kwa herufi moja! Nikaing'oa siku hiyohiyo. Sasa nikiunganisha ombi nakusanya komiti zote kuwa moja na ujumbe nauandika mwenyewe. Ni sekunde ishirini za kwangu badala ya nusu saa ya mgeni. Niliweka pia kiwango cha chini cha msimbo unaofikiwa na majaribio, asilimia 90, nikakiondoa baada ya kuona watu wanaandika majaribio yasiyojaribu chochote ili mradi namba ipande.

Hilo la mwisho ndilo huwa nalikumbuka nikiona alama za kijani zimejipanga. Kuna ombi lilikuja safi, ndoano zote zimepita, majaribio yote yamepita kwenye matoleo yote. Ndani yake mtu alikuwa ameizungushia except tupu (amri inayomeza kosa lolote) sehemu iliyokuwa inaanguka, kwa hiyo mstari wenye kasoro ulikuwa unatupwa kimyakimya na jedwali linatoka na mistari pungufu. Ruff ina kanuni ya kukamata except ya namna hiyo. Yeye alikuwa amenyamazisha onyo kwa noqa mwishoni mwa mstari. Nililiona kwa sababu sikuwa na nafasi za kuhesabu wala import za kupanga. Nilikuwa nasoma.

Ukiandika mradi peke yako na huna mpango wa kupokea msimbo wa mtu, Ruff ndani ya kihariri chako inatosha, hutahitaji haya mengine. Ukipokea hata maombi mawili kwa mwaka, sakinisha pre-commit.

Kitu ambacho bado sijakipatia jibu ni mypy, kifaa cha kukagua aina za data kwenye msimbo wa Python. Ikiendeshwa kama ndoano inakaa kwenye mazingira yake ya pembeni, haioni maktaba ambazo mradi unazitegemea, kwa hiyo inabidi uziorodheshe tena kwenye additional_dependencies na kuzifuatilia sehemu mbili. Nimejaribu, orodha mbili zikapishana ndani ya mwezi mmoja. Kwa sasa mypy inaendeshwa kwenye seva tu, na mwongozo wangu una mstari mmoja unaokiri hivyo.